Shajara ya kuni: kupima moshi wa mabani ya tumbaku, Urambo

Mimi ni karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, ya wakulima wa tumbaku wilayani Urambo, mkoani Tabora. Haya nimeyatoa kwenye daftari langu, baada ya makarani wa vyama jirani kunipigia simu mfululizo wakiuliza ile fomu ya kuni za mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku, inajazwaje. Sikuyasafisha sana. Nilipokosea nimeacha kosa lilivyo, maana na wao watakosea palepale.

9 Januari 2024

Fomu imekuja. Bwana shamba wa kampuni inayonunua tumbaku yetu kaileta kwenye bahasha moja na mikataba, kurasa nne. Majina, ekari, mbolea, hayo tumeyazoea. Ukurasa wa nne ndio mgeni: "Uzalishaji wa gesijoto wakati wa kukausha," yaani gesi zinazotega joto angani. Unauliza kila kilo ya tumbaku iliyokauka imekula kilo ngapi za kuni. Chini yake wameandika kwamba chama kisichopima kijaze 6.

Mwenyekiti kasema, "Karani, andika sita tukalale." Ningeandika. Ila bwana shamba alidokeza kwamba mwakani watataka kuona namba imeshuka. Itashuka kutoka wapi kama ya kwanza hatukuipima? Nimeomba nipewe msimu huu.

Usiku nimesoma nione kampuni kubwa huko nje zinatafuta nini kwenye bani la mtu wa Urambo. Nyingi zinafuata mwongozo uitwao GHG Protocol, uliotoka mara ya kwanza 2001, ambao unagawa moshi wa biashara katika mawigo matatu. Wigo wa kwanza ni kinachoungua ndani ya ua wako mwenyewe: jenereta, tanuru, gari lako. Wa pili ni umeme unaonunua. Wa tatu ni yote yanayotokea kwa watu wanaokuuzia na wanaonunua kwako. Kwa hiyo moshi wa bani letu ni wigo wa kwanza kwetu, na kwa kampuni ni wigo wa tatu. Moshi mmoja, vitabu viwili. Si wizi, kwa sababu hakuna anayevijumlisha vitabu hivyo. Wizi unaanza pale wawili wanapouza punguzo lilelile.

27 Januari

Nimechagua mabani manane. Leo yamebaki saba. Mzee wa bani la tano aliniona na mizani ya marobota mgongoni akadhani nimetumwa na watu wa misitu. Nikamwamkia, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, halafu akasema, "Mwanangu, kuni zangu hazina uzito." Nimemwacha.

Mizani tunaitundika kwenye mti, kuni zinafungwa kamba, mafungu mafungu, na kila fungu linaandikwa kabla halijaingia motoni. Kazi ya watu wawili. Kijana wa kunisaidia analipwa na chama, nusu siku.

11 Februari

Nimelala kwenye bani namba nne. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa ukurasa wa nne unahusu nini.

Bani ni la matofali, lina tanuru moja na mabomba ya bati yanayozunguka sakafuni kabla ya kutokea nyuma kwenye bomba la moshi. Mwenyewe ni mama mjane, ana wanawe wawili wa kiume wanaopokezana zamu. Mvua imenyesha tangu saa kumi jioni. Msimu huu mvua hizi za El Niño hazitaki kukatika.

Tumbaku ya mvuke haikaushwi kwa pupa. Siku mbili za kwanza moto ni mdogo, joto la nyuzi 35 hadi 40, jani linyauke na kugeuka njano likiwa bado hai. Ukiharakisha linabaki kijani, na klasifaya, yule anayepanga madaraja sokoni, hana huruma na kijani. Kisha moto unapandishwa polepole jani likauke, mwisho unakaribia nyuzi 70 kikonyo kikauke mpaka kikivunjwa kilie. Siku sita, mchana na usiku, na moto usizimike hata mara moja. Ukizimika usiku wa nne umepoteza bani zima.

Ndiyo maana nimeelewa kwa nini hakuna anayebana kuni. Mama kasema, "Kuni ni za bure, jani ndilo pesa." Ana haki. Mtu hawezi kuchezea mauzo ya mwaka ili aokoe magogo matatu.

Ila nimeona mambo mawili. Moja, magogo ni marefu kuliko tanuru. Yanaingizwa kichwa, mkia unabaki nje, na kadiri yanavyoungua yanasukumwa ndani. Mlango wa tanuru haujafungwa usiku kucha. Hewa baridi inaingia inavyotaka na joto linatoroka nalo kupitia bomba. Pili, kuni zinatoa povu. Zilikatwa Desemba, zimelala kwenye mvua, na ukiweka gogo motoni unasikia maji yanachemka kwenye ncha zake kabla halijashika. Saa ya kwanza ya kila gogo ni kazi ya kukausha gogo, si tumbaku. Na moshi wa saa hiyo ni mzito, mweupe, unakaa chini.

Niliuliza kwa nini kuni hazikatwi mapema. Kijana mkubwa kacheka: "Kiangazi nani ana muda, karani? Tuko vitaluni, tuko kufyatua matofali." Nimeandika.

19 Februari

Bani namba nne limetoka. Tumbaku kilo 280. Kuni zilizoingia: kilo 2,632. Ugawanye: 9.4.

Fomu ilisema 6.

Mengine sita yako kati ya 8.3 na 10.9. Hakuna hata moja lililokaribia sita.

3 Machi

Mwenyekiti kaona 9.4, kaniuliza nani kanituma. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa na shaka nyingine: nimepima kuni au nimepima maji?

Kwa kitabu, unyevu wa kuni unapatikana kwa kukata vipande, kuvipima, kuvikausha kwenye joto la nyuzi 105 mpaka uzito ugome kushuka, kisha kuvipima tena. Maabara hatuna. Tanuru la mikate lipo mjini Urambo. Nimeelewana na muoka mikate: akishatoa mikate ya alfajiri na tanuru limepoa kiasi cha mkono kuvumilia mlangoni, vipande vyangu vinaingia na kulala humo hadi jioni.

Fungu la kwanza limeteketea. Alipata oda ya mandazi ya harusi, akawasha upya, akasahau. Vipande kumi na viwili vya mtundu na muba, miti ya miyombo ya pori letu, vimetoka mkaa. Kaniuzia kwa bei ya mkaa, eti.

10 Machi

Fungu la pili limefaulu. Vipande vya bani namba nne vina maji asilimia 38. Yaani kwenye zile kilo 2,632, kilo elfu moja ni maji matupu. Mti wenyewe ni kilo 1,632.

Hapa hesabu ya hewa ukaa inakuwa nyepesi. Mti uliokauka kabisa, nusu ya uzito wake ni kaboni. Kila kilo 12 za kaboni zikiungua zinashika oksijeni na kuwa kilo 44 za hewa ukaa. Kwa hiyo kilo moja ya mti mkavu inatoa kilo 1.83. Mabichi au makavu, maji hayatoi hewa ukaa. Bani la mama, mkausho mmoja: karibu tani 3.

Ila maji yana gharama yake pengine. Kilo moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20 inatoa joto la megajuli kama 14. Ikiwa nusu yake ni maji, inashuka hadi 8 hivi, maana mti umepungua na joto lingine limeishia kuchemsha maji. Unachoma zaidi ili upate kilekile.

24 Machi

Ukurasa wa tatu, mbolea. Nilidhani mbolea ikishaingia ardhini imekwisha. Kumbe vijidudu vya udongo vinaigeuza sehemu ya naitrojeni kuwa oksidi ya naitrojeni, gesi ambayo kwa miaka 100 inatega joto mara 273 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Makadirio ya jopo la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, ni kwamba asilimia 1 ya naitrojeni uliyoweka inatoka hivyo. Mfuko wetu wa NPK 10:18:24 wa kilo 50 una naitrojeni kilo 5. Unatoa sawa na kilo 21 za hewa ukaa. Mfuko kama huo wa CAN, mbolea yetu nyingine, una kilo 13.5, unatoa kilo 58. Hapo sijagusa moshi wa kiwanda kilichoitengeneza.

Dizeli ya Fuso kupeleka marobota: kila lita kilo 2.68. Safari ya lita 40, kilo 107.

Ukiyaweka yote mezani, mkausho mmoja wa bani moja unazidi mifuko hamsini ya CAN. Nimeacha kuhangaika na Fuso.

(Kuna atakayesema, mbona huhesabu sigara zenyewe na mapafu ya watu. Ni kweli. Mimi sivuti, na mwanangu nimemkataza. Lakini fomu iliyo mbele yangu inauliza kuni.)

18 Mei

Afisa misitu kapita ofisini kwa shughuli nyingine, nikamng'ang'ania na chai. Nilitaka kujua serikali inahesabuje, maana na yenyewe imeahidi. Kwenye mchango wake wa kitaifa chini ya Mkataba wa Paris, uliowasilishwa 2021, Tanzania ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030.

Akaniuliza, "Kutoka wapi?" Nikasema kutoka tulipo. Akatikisa kichwa. Ni kutoka pale ambapo tungefika 2030 kama tungeendelea na mambo kama kawaida. Nchi inayokua inaweza kuongeza moshi kuliko jana na bado ikatimiza ahadi, ilimradi imekuwa chini ya ule mstari wa kukadiria. Kampuni yetu inapima na mwaka uliopita. Mizani mbili tofauti, na kila mmoja anasema "nimepunguza".

Serikali haihesabu kwa mabani. Inahesabu kwa misitu: picha za setilaiti na viwanja vya sampuli ambamo watu wanazungushia miti utepe na kuandika unene. Ule upimaji mkubwa wa misitu, NAFORMA, ulikuta hekta milioni 48.1 za misitu nchini. Takwimu zilizopelekwa Umoja wa Mataifa baadaye zilionyesha tunapoteza hekta kama 469,000 kila mwaka. Takwimu za kaboni zinakusanywa na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kwa macho ya setilaiti bani la mama halipo. Lililopo ni doa lililokuwa na miti.

Hapo tukaingia kwenye swali lililonikera tangu Januari. Fomu ina sehemu ya kuweka alama: kuni zimetoka "msitu unaojirudia" au "msitu usiojirudia". Ukiweka alama ya kwanza, hewa ukaa ya kuni hizo inaandikwa pembeni na haijumlishwi, kwa hoja kwamba mti utakaoota utairudisha. Ukiweka ya pili, inajumlishwa yote. Tani 3 au sifuri, kwa alama moja ya kalamu.

Afisa akanieleza kwa mfano wa kisiki. Miyombo ya kwetu ikikatwa na kuachwa, visiki vinachipua, na baada ya miaka kadhaa pana msitu tena. Hizo ni kuni zinazojirudia. Lakini mkulima akifyeka kufungua shamba jipya la tumbaku, visiki vinang'olewa na kuchomwa, jembe linapita. Gogo lilelile, mtundu uleule, kutoka pori lilelile, ni sifuri au ni kamili kutegemea kisiki kimefanywa nini baada yake. Kisiki hakiji bani. Anayejua ni mwenye shamba peke yake, naye ndiye anayejaza fomu.

Kwa mabani yetu saba: matatu kuni zake zimetoka kwenye mashamba mapya, nimeyaona mwenyewe. Mawili zimenunuliwa kwa wenye matela, hakuna anayejua. Mawili zimetoka kwenye pori la mfugaji nyuki mmoja ambaye anakata kwa kuchagua, maana mtundu na muba ndizo zinazompa asali na hathubutu kuzimaliza. Nimeweka alama ya kwanza kwa hayo mawili tu. Yale ya matela nimeyahesabu kama yasiyojirudia. Mwenyekiti hajafurahi.

Mama wa bani namba nne alikuwepo ofisini. Siku chache zilizopita, tarehe 8, Rais alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mama akamuuliza afisa, "Ya kupikia ugali nimesikia. Ya kupikia tumbaku inakuja lini?" Tumecheka wote watatu, afisa kidogo kuliko sisi.

6 Julai

Mpango wa msimu ujao umepita kwenye bodi, kwa shida. Vitu vitatu: kuni zikatwe na kupangwa kabla ya Septemba kuisha, zikatwe fupi, ziingie tanuruni mlango ukafungwa, mabomba na milango ikaguliwe Novemba. Hakuna kinachohitaji mkopo. Mjumbe mmoja alitaka tujenge mabani ya roketi, yale yenye tanuru dogo linalovuta hewa vizuri na kula kuni chache. Ni mazuri, na hatuna pesa za matofali.

Bani namba saba limekataa kila kitu. Vizuri, nitalitumia kulinganisha.

17 Agosti

Kosa langu hili. Nilisema kuni zinazonunuliwa kwa wenye matela zinunuliwe kwa kilo, tuwe na kumbukumbu safi. Wiki mbili hazijaisha, kila tela linaloingia lina magogo yaliyokatwa jana, utomvu unadondoka. Nani akauze mti mkavu kama unalipwa kwa uzito? Tumeuziwa maji kwa mizani yangu mwenyewe.

Tumerudi kwenye ujazo. Fremu ya miti, mita moja kila upande, kuni zipangwe humo, bei moja. Kukauka hakubadilishi ujazo sana, kwa hiyo muuzaji hana faida ya kuleta mbichi. Ana faida nyingine: kuna watu wanajua kupanga kuni mbuzi akapita katikati. Nimemweka mzee wa bani namba mbili kuwa mkaguzi. Anapiga fremu teke, zikicheza anakataa.

28 Septemba

Kuni zimepangwa kwenye mabani sita, juu ya magogo ya kuzinyanyua zisiguse ardhi, juu zimefunikwa bati na nyasi, pembeni wazi upepo upite. Nimechukua vipande kumi kila rundo, nimevipaka rangi na namba, navipima kila wiki ya pili. Vinashuka vizuri. Jua la Tabora la mwezi wa tisa halina gharama.

Mchwa wameingia rundo la bani namba sita. Jivu na kunyanyua tena.

2 Novemba

Miche. Fomu inauliza "miti iliyopandwa", na chama chetu kiligawa mikaratusi na mijohoro mwaka jana. Nimetembea mashamba matatu: miche 600 imeandikwa kwenye daftari la ugawaji, iliyo hai nimehesabu 214. Mchwa wamekula mikaratusi michanga, na mifugo imepita kwenye mijohoro. Nimeandika zote mbili, 600 na 214. Kisanduku ni kimoja, ya pili imekaa pembeni.

Mabomba: manne yana matundu, tumeziba kwa bati na udongo wa kichuguu. Milango mitatu mipya kwa fundi chuma.

22 Februari 2025

Mikausho ya kulinganisha imekamilika kwenye mabani manne tu. Moja mwenyewe alihamia Kaliua kwa nduguye. Jingine kijana alisinzia, moto ukazimika, sikutaka hata kumuuliza habari za mizani. La tatu, namba sita, mchwa walirudi na kuni zikachanganywa na za kuazima.

Bani namba nne: tumbaku kilo 280, bahati tu imelingana. Kuni kilo 1,680. Uwiano ni 6.0 kamili. Mwenyekiti kanipigia simu saa mbili usiku kunipongeza.

Bani namba saba, lililokataa: mwaka jana 9.1, mwaka huu 8.8.

9 Machi

Vipande vimetoka kwa muoka mikate. Unyevu wa kuni za bani namba nne ni asilimia 20.

Nimefanya hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea. Kilo 1,680 ukitoa maji zinabaki 1,344 za mti. Mwaka jana mti ulikuwa 1,632. Kuni kwa mizani zimepungua kwa asilimia 36. Mti uliochomwa umepungua kwa asilimia 18. Zaidi ya nusu ya ushindi wetu ni maji tuliyoyaacha kwa jua Septemba, na maji yale hayakuwahi kuwa hewa ukaa.

Asilimia 18 si haba. Kwa bani moja, mkausho mmoja, ni zaidi ya kilo 500 za hewa ukaa, na bani linakausha mara kadhaa kwa msimu. Mama kasema wanawe wamelala zaidi, moto ukiwekwa unakaa. Moshi mweupe wa saa ya kwanza haupo, na katika moshi ule ndimo mnamopita methani na masizi ya kuni zisizoungua sawasawa, ambavyo mimi sina chombo cha kuvipima. Lakini fomu inauliza kilo za kuni kwa kilo ya tumbaku, basi. Haiulizi maji. Kwenye karatasi yao tumeshuka 36.

15 Machi

Bodi. Kikao cha saa tatu na nusu.

Mwenyekiti: namba ya fomu ni 9.4 na 6.0, tumepima kwa mizani yetu, hakuna uongo wowote, tupeleke. Mhasibu: kampuni ikiripoti 36 huko kwao na mwakani wakataka 36 nyingine, tutaikausha wapi? Kuni zikishafika asilimia 20 hazina maji mengine ya kutoa, msimu ujao namba haitashuka hivyo hata tukeshe. Hiyo hoja ndiyo iliyowagusa, kuliko zangu zote za anga.

Mzee wa bani namba tano, yule wa kuni zisizo na uzito, alikuja kusikiliza. Aliomba kusema. "Mimi mahindi yangu mabichi nikipeleka sokoni mnanikata uzito wa maji. Leo mnataka kuuza maji nyie?" Kisha akaketi.

Tumekubaliana: kwenye kisanduku inaandikwa 6.0 kama wanavyotaka. Kwenye nafasi ya maelezo mengine naandika unyevu wa miaka yote miwili, kilo za mti mkavu, na asilimia 18. Vilevile namba ya bani la saba, na miche 214.

10 Mei 2025

Bwana shamba kaja kuchukua mikataba. Maelezo yangu yalimfikia mtu wa ofisi yao, akauliza kama tunaweza kuwaonyesha AMCOS nyingine tano za jirani namna ya kupima unyevu. Safu ya unyevu haijaongezwa kwenye fomu ya msimu ujao, nimeitazama mbele na nyuma. Safu ya miti iliyopandwa imekuwa kubwa zaidi.

Bani namba tano limejiandikisha. Na namba saba, ila kwa sharti kwamba mizani ibaki kwake usiku, asije mtu akaongeza namba akiwa amelala.

Nimekwenda kwa muoka mikate kupanga. AMCOS tano, vipande kumi kila moja, mara mbili kwa msimu. Kahesabu kwa vidole, kasema safari hii si kwa urafiki tena, atatoza kwa trei. Nimemwambia sawa, ila siku za oda ya mandazi anipigie simu kwanza.